Madirisha ya Upande wa Reli

Dodoma, 18 Juni 1911

Kwa mke wangu Swaumu, Kondoa.

Nakusalimu wewe na wazee wote wa hapo, na mwanangu Zaitun namsalimu peke yake. Mimi mzima, ila mgongo. Anayeandika ni Bashiri, karani wa duka la Mzee Khamisi, kama siku zote. Mimi nasema, yeye anaandika, na wenzangu wa kazini wamejaa hapa barazani wanasikiliza. Ukikuta neno la upuuzi humu, ujue ni lao.

Nimepata kiwanja. Kutoka hapo mpaka reli ni hatua thelathini. Upande mmoja kuna tenki ambapo gari la moshi hunywa maji, na likishakunywa hupiga filimbi mpaka ng'ombe wa Wagogo hukata kamba. Upande wa pili ni karakana, wahunzi wanagonga chuma tangu alfajiri. Sikuchagua mimi. Mnyapara wa waashi sharti akae anapoweza kuitwa, na nikikataa kiwanja hiki nimekataa na kazi.

Lakini usiogope, nimeshapata dawa ya kelele. Nyumba haitakuwa ya udongo. Miaka miwili nimemwaga zege kwenye madaraja ya reli, sasa nitamwaga la kwangu. Mzungu wangu amenipa mapipa ya saruji yaliyopasuka njiani. Iliyoganda naitupa, ya katikati bado nzuri. Ukuta wa upande wa reli utakuwa na unene wa mkono mzima, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, bila tundu ila mlango. Katikati ya nyumba nitaweka chumba cha Zaitun, kimezungukwa na vyumba vingine pande zote, hakina dirisha hata moja. Sauti haitampata humo.

Nilipomwacha alikuwa na miaka miwili, na ukitwanga tu analia kama aliyepigwa. Sijasahau. Uliniandikia kwamba ile homa ya mwaka jana imemwacha, na mwezi wa tano ukaniandikia anaimba. Anaimba nini? Hukuniambia.

Nataka muwe mmefika kabla ya mvua.

Mumeo, Halfani

---

Kondoa, 9 Julai 1911

Kwa mume wangu Halfani, kwa mkono wa Bashiri.

Barua yako imeletwa na wapagazi waliopeleka samli Dodoma. Sote wazima. Nasikia fahari kwamba jina lako limepata kiwanja.

Zaitun amerefuka, anakula vizuri. Mchi haumtishi tena. Juzi nimetwanga mtama karibu na kichwa chake amelala, wala hakugeuka. Kuhusu nyimbo, ana zake mwenyewe, si za kuandikika.

Mume wangu, nina ombi juu ya nyumba. Nataka madirisha matatu upande wa reli, makubwa, yawe chini, mtoto akisimama aone nje yote. Mlango uwe nyuma, mbali na reli kabisa. Na chumba cha Zaitun usikiweke katikati, kiweke pembeni penye jua. Kelele hatuzijali. Sisi watu wa mlimani tumezoea mwanga, na hatutaweza kukaa gizani.

Nakuomba sana, kabla hujamwaga.

Mkeo, Swaumu

---

Kondoa, 10 Julai 1911

Kwa dada yangu Tabu, Kolo.

Shikamoo dada. Jana nimemwandikia Halfani, na kila neno nililoandika lilikuwa kweli, na barua nzima ni uongo.

Wewe peke yako unajua. Homa ile ya mwaka jana, iliyomkaza shingo siku sita, ilipomwacha iliondoka na masikio yake. Nilimwandikia baba yake kwamba amepona kwa sababu nilidhani amepona. Nilipotambua, miezi miwili ilikuwa imepita, na baba yake ameshaniandikia jinsi walivyosherehekea barazani. Nitarudi vipi kumwambia? Barua zangu hazisomi yeye, anasomewa. Nikiandika leo "mwanao hasikii", kesho wahunzi wote wanajua, na Halfani atakuwa anapokea pole za watu kabla hajameza neno lenyewe. Basi nikaandika anacheza. Kisha nikaandika anaimba. Nina haya, dada, lakini kusema kweli si haya tu, ninaogopa. Ninaogopa atauliza nilikuwa wapi homa ilipoanza, nami nilikuwa kwako, kwenye ngoma ya harusi, na mtoto nimemwachia jirani.

Sasa anamjengea nyumba ya kuzuia sauti. Chumba katikati, bila dirisha. Unajua Zaitun alivyo, maneno yake yote yako machoni. Mahali asipoona mikono yangu hana mama, anapapasa hewa na kulia. Na nje ya mlango, hatua thelathini, gari la moshi. Wiki iliyopita alimkimbilia fahali wa Yahaya, jirani yetu, kwa sababu anapenda kila kinachokwenda. Kijiji kizima tunaita "Zaitun", naye anacheka, ametupa mgongo.

Zege likishashika halikatwi kama udongo, Halfani mwenyewe aliniambia zamani. Asiponisikiliza sasa, nitampeleka mtoto akafe kwenye reli au akafe gizani.

Mdogo wako, Swaumu

---

Kolo, 16 Julai 1911

Swaumu mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie mumeo. Hilo ndilo neno la kwanza, na najua hulitaki.

La pili, niachie mtoto. Mungu hakunipa wa kwangu na nyumba yangu ina nafasi. Huku hakuna kinachokimbia ila mbuzi. Wewe nenda Dodoma, mwambie baba yake kwamba Zaitun amemng'ang'ania mama yake mkubwa, kakataa kuondoka. Watoto hufanya hivyo, hakuna atakayeshangaa. Mtazaa wengine. Siku moja Halfani atakuja kutembea na ataona mwenyewe, na hapo hasira itakuwa imekwisha makali.

Usiniambie nina moyo mgumu. Ninakuonyesha njia inayopitika.

Tabu

---

Dodoma, 2 Agosti 1911

Mke wangu Swaumu,

Barua yako ilisomwa mbele ya watu kumi na mbili, na wote walicheka mpaka Mzee Khamisi akatoka dukani kuuliza kuna nini. Wanasema mke wa Halfani anataka kukaa dirishani atazame gari la moshi. Nami nilicheka, kisha sikuona la kuchekesha.

Madirisha upande wa reli, Swaumu? Nimekwambia huko ndiko ziliko kelele. Mbao za kushikilia zege la ukuta ule nimeshazisimamisha. Mlango ndio hapo hapo upande wa reli, kwa sababu nikiitwa sina muda wa kuzunguka nyumba. Matonya, jirani yangu Mgogo anayenisaidia kuchanganya, amesema hata tembe lake la udongo halina madirisha na watoto wake wanane wamekua. Kokoto tumeponda wenyewe kwenye mwamba, mchanga tumeutoa mtoni. Maji ndiyo taabu. Zege linataka kunyweshwa siku kumi na nne, na hapa maji yanagombewa na watu, ng'ombe na gari la moshi.

Chumba cha Zaitun nimekitanguliza, kuta zake zimeshasimama na juu nimekifunika mbao na udongo kwa muda. Nimeingia humo nikafunga mlango wa mbao, nikamwambia Matonya apige pipa nje. Nilisikia kama mtu anakohoa mbali. Nilifurahi mno, mke wangu.

Niambie nani anakutia maneno haya. Kama hutaki kuja, sema hutaki kuja.

Halfani

---

Kondoa, 28 Agosti 1911, siku ya tatu ya Ramadhani

Mume wangu Halfani,

Hakuna anayenitia maneno. Nimefikiri mwenyewe na nimefikiri sana.

Nataka kuja. Kila siku nataka kuja. Lakini mimi na mwanangu hatutaingia nyumba ambayo mlango wake unatazama reli, na mwanangu hatalala katika chumba kisicho na dirisha. Sikupi sababu. Nimekuwa mkeo miaka saba, sijawahi kukuomba kitu bila sababu, nadhani naweza kuomba kimoja.

Kama ukuta umeshasimama, uache. Anza mwingine.

Swaumu

---

Dodoma, 20 Septemba 1911

Swaumu,

Nilikuwa na saumu, nimesimama tangu asubuhi, barua yako ikasomwa. Safari hii hakucheka mtu. Walinyamaza, na kunyamaza kwao kumeniuma kuliko kicheko.

Nimemwaga dari jana. Nimelaza vipande vya reli, nikamwaga juu yake, dari bapa kama la tembe. Nyumba imekwisha. Sianzi ukuta mwingine, sina saruji, na wala sina sababu maana hukunipa.

Msipofika kabla ya Idi ya kuchinja, nitajua umenijibu.

Halfani

Nami niliyeandika, Bashiri, naongeza maneno yangu hapa chini, Halfani hajui. Mama Zaitun, nimesoma barua zako zote kwa sauti kwa sababu ndivyo kazi yangu ilivyo. Miaka mingi nasomea watu barua, nimejua kutambua barua inayozunguka kitu. Kama una neno lisilofaa baraza, liandike kwenye karatasi ya pili, likunje peke yake, andika juu yake jina langu. Nitalisoma utakapotaka lisomwe.

---

Kondoa, 8 Oktoba 1911

Kwa Bashiri, karani, nakushukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Mchukue Halfani mpaka ndani ya nyumba aliyoijenga, kwenye chumba cha katikati, kisha ufunge mlango. Humo hapana atakayesikia. Umsomee haya yote, usiruke.

Halfani, baba Zaitun. Mwanao hasikii.

Hasikii kabisa, tangu ile homa. Mchi haumtishi kwa sababu haumfikii. Haimbi. Maneno machache aliyokuwa nayo ulipoondoka yamemtoka moja moja, la mwisho lilikuwa "baba", na nililiombea libaki. Nilikuandikia uongo mwaka mzima kwa sababu kila barua yangu inaingia masikioni mwa watu kabla ya kuingia moyoni mwako, na kwa sababu niliogopa. Homa ilipoanza sikuwapo. Nilikuwa kwenye ngoma Kolo, siku mbili. Sijui kama ningekuwapo ingekuwa vingine. Nimejiuliza swali hilo mpaka limenichosha.

Anaongea kwa macho. Gizani anapotea. Nje anakimbilia kila kinachokwenda, na ukimwita hageuki. Sasa unajua kwa nini nilitaka madirisha na kwa nini nilitaka mlango nyuma.

Dada yangu anataka nimwachie yeye mtoto, nije peke yangu. Kuna siku nimekubali moyoni. Ukisema nimwache, niandikie wewe, kwa neno lako, nami nitakujibu. Usininyamazie tu.

Swaumu

---

Dodoma, 6 Novemba 1911

Kwa Mama Zaitun, Kondoa.

Nimefanya ulivyoagiza. Barua ilichelewa, ilinifikia mwishoni mwa mwezi uliopita. Nilimwambia Halfani anionyeshe nyumba. Ilikuwa mchana, lakini chumba kile kilitaka taa. Karakana ilikuwa kazini na sikusikia hata nyundo moja. Amejenga kweli.

Alichuchumaa, mgongo ukutani. Nilipomaliza akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akaniuliza ni barua zipi zilizosema anacheza na anaimba. Nikasema ya Machi na ya Mei. Nilizisoma mimi, kwa kinywa changu, na watu walipiga makofi. Akasema, "Basi nilikuwa namjengea nani?"



Sitakuficha kwamba alikasirika. Alisema mambo ambayo sitayaandika, mengine juu yako, mengine juu yangu, na mengi juu yake mwenyewe. Siku mbili hakuonekana barazani. Siku ya tatu tukasikia tindo. Alikuwa anatoboa ukuta wa nyuma apate mlango, peke yake, na zege limeshakomaa. Matonya akaja kumsaidia. Mlango walipata. Wakahamia upande wa reli kutafuta dirisha, na walipofika nusu ya unene, dari likapasuka kutoka pembe hadi pembe. Ukuta ule ndio uliokuwa umelibeba. Sasa limeegemezwa magogo manne ya mgunga, na kwenye ukuta pana tundu la kupitisha kichwa cha mtu. Mvua ikinyesha kweli, sijui.

Mzungu wake alipita akauliza kama amepata wazimu. Halfani akaomba ruhusa ya mwezi mmoja, akapewa kwa shida. Ameondoka jana kwa miguu. Barua hii naipeleka na tarishi wa boma, huenda ikamtangulia. Hakuniambia anakuja kuwachukua au kuwaacha. Nilimwuliza. Alisema atajua akimwona mtoto.

Wako, Bashiri

---

Kondoa, 19 Novemba 1911

Kwa dada yangu Tabu,

Shikamoo. Najua umeshatengeneza kitanda, nami nakuandikia kwa uchungu kwamba Zaitun haji Kolo. Tunaondoka kesho, watatu. Nisamehe, uliniambia njia inayopitika na nimechukua nyingine.

Halfani aliingia Jumatatu, saa za adhuhuri. Tarishi alimtangulia kwa nusu siku tu, kwa hiyo nilikuwa nimekaa mlangoni nimeshaisoma barua ya Bashiri mara nne. Mikono yake imefungwa vitambaa, yote miwili. Hakunisalimu. Zaitun alikuwa uani anapanga vibuyu, ametupa mgongo. Halfani akasimama nyuma yake akaita, "Zaitun." Alikuwa anajua, dada. Alisomewa mara mbili na ametembea siku saba na habari hiyo. Bado aliita. Akaita tena, kwa nguvu, mpaka Yahaya akachungulia juu ya ua. Mara ya tatu aliita polepole, kama mtu anayeongea peke yake.

Nikadhani hapo ndipo atakaponigeukia. Nilikuwa nimejiandaa. Alinigeukia kweli, akaniambia kwamba mwaka mzima nimemwacha amlilie mtoto asiyekuwapo na kumchekea asiyekuwapo, na kwamba hilo halitamtoka upesi. Sikubisha. Nikamwambia nami sikuwa na mtu wa kulia naye. Akasema hata yeye angekuwa mimi asingeandika ile habari isomwe barazani kwa Mzee Khamisi. Hatukusameheana, dada, nisikudanganye, tulichoka tu tukakaa.

Nyumba ni mbovu sasa. Tutafikia kwa Matonya mpaka iezuliwe dari na ukuta wa reli uvunjwe wote, na pipa la saruji limebaki moja. Halfani anasema atatia madirisha manne. Mimi simwamini mtu wala zege, na reli iko pale pale, hatua thelathini. Ninaogopa, na ninakwenda.

Ila nikwambie jinsi mchana ule ulivyokwisha. Tulikaa muda mrefu, mtoto bado na vibuyu vyake, hajui kama kuna mgeni. Halfani akaniuliza, "Nimwiteje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huniuliza atapona lini. Nikamwonyesha. Akainuka, akasogea nyuma ya mtoto, akapiga mguu chini mara moja, kwa hofu, kama anayejaribu daraja. Ardhi ikatetemeka kidogo, Zaitun akageuka. Alimtazama uso, akatazama vile vitambaa, kisha akatazama mguu wake kwa muda mrefu. Halafu akasimama, akauinua wake mdogo wenye vumbi, akampigia naye.

Mdogo wako, Swaumu